Mwenye Mali Aje Mwenyewe

Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa, saa tatu asubuhi, Magidu alifika Masese na chombo chake kimefungwa kamba nyuma ya baiskeli, akanunua mihogo ya kukaanga kwa Nangobi, akala amesimama. Chombo chenyewe kilikuwa cha kutafutia mabomu ardhini: sahani ya chuma chini, mpini mrefu, betri, na vidude viwili vya kuvaa masikioni. Alikipata kwa wanajeshi waliokuwa wakiondoka Mbale mbiombio miaka ile ya vita, na tangu hapo kilikuwa chini ya meza yake ya kutengenezea redio huko Namakwekwe. Siku hizi kazi ya redio ilikuwa imelala, alimwambia Nangobi, maana watu hawakuwa na betri hata za kuziharibia. Kwa hiyo alikuja kujaribu mchanga wa ziwa.

Zulaika alikuwa mlangoni kwake, anasuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangirangi ambacho wanawake wa Kinubi hukisuka tangu utotoni. Chumba chake kilikuwa hatua arobaini kutoka majini, na hizo hatua arobaini ndizo zilizokuwa balaa lake mwaka huo. Ofisi ya Ufuo ilikuwa imefunguliwa mwezi wa tano ndani ya kontena la kijani, na mbele ya kontena kilisimikwa kibao chenye masharti matatu. La kwanza, mita mia moja kutoka majini ni ardhi ya ofisi. Mtu hakanyagi humo bila kibali, hajengi, halali. La pili, chuma chochote kitakachookotwa ufuoni kipelekwe ofisini siku hiyohiyo. La tatu, mali itarudishwa kwa mwenyewe tu. Mwenye mali aje mwenyewe, asitume mtu.

Aliyeandika hilo la tatu alijua anachofanya. Ufuo ule ulikuwa umeona mengi wakati wa vita, na hakutaka wake na watoto wa watu waje kumsumbua na vifungo vya mashati.

Tingatinga lingekuja tarehe thelathini. Wenye vyumba ndani ya mita mia waliahidiwa viwanja huko juu, barabara ya kwenda Buwenge, na orodha ilikuwa wazi: mwanamume apewe kwa jina lake, mjane apewe kwa jina lake, aliyeachwa kwa talaka naye apewe kwa jina lake. Mke wa mtu hapewi, atamfuata mumewe. Zulaika alikuwa mke wa mtu. Mtu mwenyewe hakuonekana kwa miaka tisa.

Marjan, mumewe, alikuwa fundi wa magari ya jeshi. Mwezi wa nne wa mwaka wa sabini na tisa, vita vilipoingia Jinja, alitoka kwenda kununua mafuta ya taa, asirudi. Masese nzima ikasema amekimbilia Sudan na mwanamke mwingine. Walimsemea Zulaika masikioni, kwa raha zao. Nangobi aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba nyinyi Wanubi mlikula mkashiba wakati jeshi lilikuwa lenu, sasa nuseni harufu kama sisi tulivyonusa. Hata kusema kwake kulikuwa kosa. Kiswahili pale kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki, na kila alipokitamka sokoni, wanawake walisogeza vikapu vyao pembeni. Basi alizoea kununua kwa kidole.

Kilichomuuma kuliko yote ni kwamba hakuwahi kukaa eda. Mke aliyefiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, amevaa nyeupe, hajitii manukato, na watu huja kumpa pole. Lakini eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na yeye hakuwa na siku, hakuwa na kifo, hakuwa na mtu wa kumpa pole. Alitaka neno moja tu aitwe nalo: mjane. Likiandikwa hilo, angepata kiwanja, na wenye midomo yao wangeifunga.

Magidu alifuta mikono, akavaa vidude masikioni, akaanza kupitisha sahani juu ya mchanga. Kwanza chombo kililia mbele ya kibao cha ofisi, kwa sababu kibao kilikuwa cha chuma. Kisha kikalia pale wanawake wanapoanika mukene, wale dagaa wa ziwa. Akachimba. Kufikia adhuhuri alikuwa ametoa vitu kumi na saba, vikiwamo bizimu ya mkanda, funguo za nyumba, kijiko, saa ya mkono, kikopo cha ugoro, na spana namba kumi na saba iliyozungushiwa ukindu kwenye mpini. Zulaika aliiona spana ile akiwa mlangoni. Ukindu ule aliuzungushia yeye mwenyewe, ili Marjan asiungue mkono kwenye injini zenye moto.

Alifunga leso kiunoni akaenda, lakini Gaster, afisa wa ufuo, alikwisha kuja kusimama nyuma ya Magidu na kitabu cha risiti. Vitu vyote vikaingia kwenye kontena, vikafungiwa. Zulaika alisema spana ile ni ya mumewe. Gaster alimwonyesha kibao kwa kalamu, mstari wa tatu, mwenye mali aje mwenyewe.

Saa nane kasorobo wenye mali wakatoka majini.

Walikuwa kumi na saba. Walikuja kwa miguu, bila haraka, maji yakiwamwagika kutoka mifukoni. Wanawake waliokuwa wakigeuza mukene walilalamika kwamba wanalowesha samaki waliokwisha kukauka nusu, wakavuta nyavu zao kando. Askari watatu wa ofisi walijaribu kuwapanga, kwa Kiluganda, kwa Kisoga, kwa kuwasukuma. Hawakusukumika. Walisimama hovyohovyo, wakitazama kontena.

Ndipo Gaster akatoka nje, akasema kwa Kiswahili, bila kupaza sauti, "Mstari mmoja. Mikono kichwani."

Wakajipanga papo hapo, mstari mmoja ulionyooka kabisa, jozi kumi na saba za mikono juu ya vichwa. Askari wake walipendezwa. Gaster akavuta kiti, akaketi, akaanza kuandika.

Kila mmoja aliulizwa kitambulisho. Vitambulisho walikuwa navyo, vya serikali iliyopita, na maji yalikwisha kufuta sura. Kila mmoja akaulizwa kibali cha kuwapo ufuoni. Hakuna aliyekuwa nacho. Gaster akaandika kwamba watu kumi na saba wamekutwa ndani ya mita mia bila kibali, kwamba kwa makadirio wamekuwapo humo miaka tisa mfululizo, na kwamba mali yao itashikiliwa mpaka kesi zao zisikilizwe. Siku ya kusikilizwa haikupangwa. Wasubiri mstarini.

Marjan alikuwa wa sita. Alikuwa na umri uleule aliotoka nao nyumbani, thelathini na mbili, na Zulaika sasa alikuwa na arobaini. Shati lake lilikuwa na tundu mgongoni, dogo, la duara, na kupitia humo mtu aliweza kuona kipande cha ziwa.

"Umenenepa," alimwambia.

"Na wewe umelowa," Zulaika akajibu.

"Mafuta ya taa sikupata."

Zulaika alitaka kumshika, akamshika, akamkuta wa baridi kama chupa iliyotoka kisimani. Alimuuliza siku. Marjan akasema ilikuwa Alhamisi, alasiri, mvua inanyesha. Waliokotwa barabarani mmoja mmoja, wakaletwa hapa, wakaulizwa kabila, kisha wakaambiwa wapange mstari. Alisema yote hayo akiwa anatazama mbele. Zulaika akamuuliza kwa nini hawakuwatii askari wale wengine na huyu mmoja wamemtii mara moja.

"Sauti yake tunaijua," Marjan alisema. "Ndiyo ya mwisho tuliyoisikia."

Zulaika alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Gaster, akamwambia kwa Kiswahili chake chote, mbele ya Nangobi, Magidu na wauza samaki wote, kwamba yeye ndiye aliyewapanga watu hawa mwaka wa sabini na tisa. Gaster hakukana. Alimalizia sentensi aliyokuwa akiiandika, akafunika kalamu.

"Mama, mambo ya wakati ule yana ofisi yake," alisema. "Si hii. Hapa ni ufuo tu."

Zulaika akauliza ofisi hiyo iko wapi. Gaster akasema bado haijafunguliwa. Wauza samaki waliinamia samaki wao. Walikuwa wamesikia, kila mmoja, na mchana ule bei ya mukene haikupanda wala kushuka.

Kesho yake Zulaika alimleta Shehe Muhamad wa msikiti mdogo wa karibu na gati, ili amwandikie barua kwamba mumewe amefariki. Shehe alikuwa mtu mpole na mwoga wa makosa. Alimzunguka Marjan mara mbili, akatazama lile tundu, akainama akaona ziwa ndani yake. Akasema innalillahi kwa sauti ya chini. Kisha, kwa mazoea ya mtu anayekutana na Mwislamu mwenzake, akamtolea salamu, na Marjan akaitikia, waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, yote kamili, kwa adabu.

Shehe akakunja karatasi yake. Alimwambia Zulaika kwamba tundu ameliona, na wallahi linamsikitisha, lakini salamu nayo ameisikia. Hawezi kuandika kwamba amekufa mtu aliyemwitikia salamu. Akampa njia moja: ikiwa ndugu wa damu wa Marjan atakuja kuapa kwamba ndugu yake aliuawa siku fulani, yeye ataandika na atajitetea mbele ya Mungu. Wale wenzake kumi na sita walisema wao wataapa, maana walikuwapo. Gaster, akiwa kitini, akakataa. Watu wenye kesi moja hawatoleani ushahidi.

Ndugu wa damu alikuwa mmoja, Sebit, naye alikuwa Mbale. Zulaika alikwenda Alhamisi. Sebit alikuwa na duka la mivumba Namakwekwe, nguo kuukuu zimetundikwa mpaka barabarani, na juu ya mlango kumeandikwa jina la Wamboga. Alikuwa amelichukua jina hilo mwaka ule wa vita, akiwa njiani akikimbia, kwa mtu aliyekuwa akilima kando ya barabara, akajifunza na lugha yake, Kimasaba. Lilimkaa vizuri. Mkewe, Namono, alimletea Zulaika maji ya kunywa akidhani ni mteja, akamchagulia na gauni la kijani.

Zulaika alisubiri Namono aingie ndani. "Shemeji, Marjan yuko Masese. Amesimama mstarini. Njoo useme tu kwamba amekufa."

Sebit aliendelea kukunja mashati. Alikunja matatu. Hakuuliza anaonekanaje, hakuuliza nani alimuua. Alisema polepole, kwa Kiswahili ambacho hakuwa amekitumia siku nyingi, mpaka maneno yakawa yanamkwama.

"Mimi sina ndugu aliyekufa. Na kama yuko hai, sina pia. Kunywa maji, mama, uende."

Aliposikia nyayo za mkewe alirudi kwenye Kimasaba, akamwambia gauni halikumtosha huyu mama. Zulaika alimchukia siku ile, akamchukia njia nzima ya kurudi, na alipofika Jinja akakuta bado anamchukia. Lakini gauni la kijani kweli lilikuwa dogo.

Siku zikaenda. Kila alasiri alipeleka birika la chai ya tangawizi mstarini, maana wale watu walikuwa na baridi na Gaster alikuwa amewaruhusu kushusha mkono mmoja wakati wa kunywa. Kibao hakikukataza chai, na wake wa wenye kesi waliruhusiwa kuingia. Walikunywa, na chai ikatoka migongoni mwao ikiwa bado ya moto. Marjan alimsimulia mambo madogomadogo: samaki gani wanakaa wapi, mawe gani yanahama. Zulaika alimsimulia nani kafa na nani kaolewa. Hawakuwa wamezungumza kiasi hicho hata walipokuwa wakiishi pamoja.

Tarehe ishirini na nane Marjan alimwambia jambo alilokuwa akiliwaza. Ofisi haikubali kwamba amekufa. Basi ni mzima, na mume mzima anaweza kutoa talaka.

Zulaika aliweka birika chini. Hasira ilimpanda kwa namna ambayo haikumpanda hata kwa Gaster.

"Miaka tisa nimekaa nikiitwa mke wa mtoro," alisema. "Nimekungoja, nimetukanwa kwa ajili yako, sikumfungulia mlango mwanamume yeyote. Leo uniache?"

"Tingatinga likija utalala wapi?"

"Nitalala hapa. Nitakuwa wa kumi na nane."

Marjan akasema mstari huu aliupanga Gaster, na mtu haingii humo kwa kupenda. Alisema hivyo kwa ukali, ndiyo mara pekee aliyomkaripia tangu atoke majini. Zulaika akaondoka bila kuaga. Alilia usiku kucha, na asubuhi alikwenda kumwita shehe.

Walikusanyika saa nne mbele ya kontena. Shehe Muhamad hakumtazama mtu usoni. Alisema talaka moja inatosha kisheria. Gaster alisema moja hairidhishi, mtu wa talaka moja anaweza kurejewa ndani ya eda, na ofisi haigawi viwanja kwa watu wanaoweza kubadili mawazo. Iwe tatu. Shehe akajaribu kueleza kwamba tatu kwa pamoja ni jambo la kuchukiza. Gaster akamuuliza kama linachukiza au ni batili. Shehe akasema linachukiza tu. Basi, Gaster akasema, tuendelee.

Marjan aliruhusiwa kushusha mikono yote miwili. Alimwita mkewe kwa jina lake na jina la baba yake, akalitamka neno mara tatu, na kila mara maji yalimtoka mdomoni pamoja nalo. Mara ya tatu sauti ilikwama, Gaster akamtaka alirudie lisikike. Akalirudia. Zulaika alisimama wima mpaka mwisho, na ndani yake kulikuwa kunakatika kitu ambacho miaka tisa haikuweza kukikata.

Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika sababu. Gaster akauliza sababu ya talaka.

"Andika nimekufa," Marjan alisema.

Gaster akapitisha kalamu kwenye orodha, juu mpaka chini, akasema sababu hiyo haimo. Akaandika kwamba hawakuelewana. Akapiga muhuri, akampa Zulaika nakala ya juu, na Marjan akarudisha mikono kichwani kabla hajaambiwa.

Tingatinga lilikuja tarehe thelathini kama lilivyoahidiwa, likamaliza vyumba vyote kabla ya saa sita. Zulaika alipata kiwanja barabara ya Buwenge, kizuri, chenye udongo mwekundu, na majirani wapya waliosoma karatasi yake. Nangobi naye alihamishiwa huko. Aliwaeleza waliokuwa hawajui: tulisema tangu zamani kwamba mwanamume yule alimwacha, tukaambiwa tuna midomo, sasa someni wenyewe, kuna muhuri. Walisoma. Hawakusema uongo, muhuri ulikuwapo.

Shehe alimwambia eda ya talaka ni miezi mitatu. Zulaika alimwambia amesikia. Hakuna aliyekuja kumpa pole, maana mtu aliyeachwa hapewi pole. Magidu aliendelea kuja na chombo chake kila Jumanne, sasa kwa kibali, akilipwa na ofisi, na mstari ukafika watu arobaini na mmoja, kisha hamsini na wawili. Gaster aliletewa meza kubwa zaidi.

Ijumaa moja Zulaika alishuka Masese na birika. Kamba mpya ilikuwa imefungwa kwenye mita mia, nguzo kwa nguzo, na askari mgeni amesimama hapo na daftari la wageni. Kutoka pale ziwa lilionekana vizuri na watu walionekana wadogo. Alihesabu kutoka mwanzo wa mstari, akafika wa sita. Kisha akakumbuka kwamba yule ni mwanamume asiye mumewe sasa, akavuta leso akajifunika nywele.

Askari alimuuliza amemfuata nani. Akasema wa sita. Askari akafungua daftari, akaeleza kwa heshima kwamba wanaoruhusiwa kupita kamba ni mama, mke, na watoto wa wenye kesi.

"Wewe ni nani wake?"

Zulaika alilishika birika kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto.

"Si mtu wake," alisema.

"Basi mama, rudi nyuma hatua mbili. Umekanyaga ndani ya kamba."

Akarudi nyuma hatua mbili.